UZI: Kabla hujapigia hoteli simu. Kongamano hupangwa kuanzia mwisho

RatibaKwanza (mwanzisha uzi)

Wadau, uzi huu ni wa wanaopanga makongamano, warsha, maonyesho na uzinduzi hapa Nairobi. Si wa kuulizana ukumbi upi una bei nzuri, nyuzi hizo zimejaa humu. Nataka tuzungumzie mpangilio wa maamuzi: lipi linaamuliwa kwanza na lipi linangoja.

Mteja akipiga simu husema, "Nataka ukumbi wa watu 300, tarehe 14 na 15." Mpangaji naye anaanza kupigia hoteli. Hapo tayari amekuwa mtu wa kutumwa, na atalipwa kama mtu wa kutumwa. Watu 300, siku mbili, ukumbi: hayo ni majibu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Swali lenyewe ni hili. Jumatatu baada ya kongamano, nani atafanya nini ambacho asingekifanya kama halingekuwepo? "Kuhamasisha wadau" si jibu. Jibu lina mtu, kitendo na tarehe. Tuseme mteja amebanwa mpaka akakiri kwamba anataka wanunuzi 25 wa mboga na matunda wakutane na wauzaji 60 na waondoke na oda. Basi ukumbi wa viti 300 vinavyotazama jukwaa haufai kitu. Unahitaji meza 25, kila mnunuzi na yake, mikutano ya dakika 20, kengele, na mtu wa kusukuma foleni. Kila mnunuzi akifanya mikutano 8 kwa siku, hiyo ni mikutano 200, kwa hiyo kila muuzaji anapata mitatu na wengine minne. Meza moja na viti vyake na njia ya kupita ni kama mita 4 za mraba, jumla mita 100, ongeza sehemu ya kungojea. Hotuba za ufunguzi zinabaki dakika 15. Bajeti ya jukwaa na skrini kubwa inahamia kwenye kuwasafirisha wanunuzi, maana wasipokuja hao hakuna kitu.

Mteja mwingine, kwa maneno yale yale ya "watu 300", anataka wakurugenzi 12 watie sahihi makubaliano. Huyo anahitaji chumba cha watu 20, chumba cha pili cha mawakili, printa yenye wino wa kutosha na chakula cha jioni usiku wa kuamkia siku yenyewe. Wale 288 wengine ni mashahidi, na mashahidi hawahitaji siku mbili.

Jambo la pili ni tarehe zisizorudi nyuma. Kila mkataba unazo: siku ya kulipa amana, siku ambayo ukighairi unapoteza nusu, siku ambayo unapoteza yote, siku ya kufunga idadi ya sahani. Chukua karatasi moja, uandike kila uamuzi, siku ya mwisho ya kuubadilisha bure, gharama ya kuubadilisha baada ya hapo, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Mtu mmoja, si kamati. Karatasi hiyo ndiyo mkakati. Ile slaidi yenye mishale ni mapambo.

Karibuni, kila mtu na upande wake.

---

Sufuria_Kubwa

Nianze na tumbo, kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapo.

Pakeji ya siku nzima hoteli nyingi ni chai ya saa 4, chakula cha mchana, chai ya saa 10, maji chupa mbili, daftari na kalamu. Kinachosahaulika ni kwamba mkataba una idadi ya chini unayolipia, waje wasije. Ukisema 300 wakaja 210, unalipa sahani 90 za hewa. Ukisema 210 wakaja 300, jikoni huwa na ziada kidogo tu, mara nyingi asilimia 5 mpaka 10, na waliochelewa wanakula wali mweupe na kachumbari. Kwa mkutano usio na kiingilio, waliojiandikisha si waliokuja. Weka idadi ya chini kwenye namba unayoamini kabisa, kisha andika kwenye mkataba kwamba unaweza kupanda hadi saa 72 kabla, kwa bei ile ile. Kupanda hoteli zinakubali bila shida. Kushuka ndiko kunakogombaniwa.

Foleni ya bafe nayo ni hesabu. Upande mmoja wa meza hupitisha watu 3 au 4 kwa dakika. Watu 300 kwenye upande mmoja ni zaidi ya saa nzima, na ratiba yako imetenga dakika 60 pamoja na kula. Weka meza mbili zinazopakuliwa pande zote mbili, hapo una foleni nne na kazi inaisha ndani ya dakika 20 hadi 25. Sahani zianze mwanzo wa meza, vijiko na uma viwe mwisho. Vikiwa mwanzo mtu anashika vitu vitatu kwa mkono mmoja, foleni inasimama. Nyama ipakuliwe na mhudumu. Wali na mboga watu wajipakulie. Mkiacha nyama wazi, wa kwanza mia watawamalizia wenzao.

Ramadhani huja mapema zaidi kwa kama siku 11 kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia Februari na Machi, miezi ambayo watu hupenda kuweka mikutano. Kama wajumbe wako wamefunga, kipindi cha jioni kifungwe kabla ya saa 12 na futari iwe mezani, tende na uji, jua likizama karibu saa 12:40. Usiwaambie wangoje "chakula cha jioni cha saa 2".

---

ShilingiKwaShilingi

Sufuria umenena. Sasa pesa ya kiingilio, maana hapo watu huzama wakidhani wanaogelea.

Mfano. Gharama zisizobadilika, yaani ukumbi, mitambo, jukwaa, ulinzi, intaneti na ada yako: 1,800,000. Gharama ya kila kichwa, yaani pakeji, beji, mfuko, ada za malipo na akiba kidogo: 6,500. Kiingilio 12,000. Kila mjumbe anakuachia 5,500. Gawanya 1,800,000 kwa 5,500, unahitaji watu 328 ndipo usipate hasara. Mpangaji anashangilia kwa sababu ukumbi unabeba 400.

Lakini kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na hiyo 12,000 ndiyo bei uliyotangaza, ndani yake kuna asilimia 16 isiyo yako. Yako ni 10,345. Toa 6,500, inabaki 3,845. Gawanya tena: watu 469. Ukumbi umejaa mpaka mlangoni na bado una hasara.

---

Risiti_Mkononi

@ShilingiKwaShilingi hesabu yako ni kali kuliko uhalisia. Umesahau VAT unayodai kutoka kwa masaplaya. Tuseme katika ile 1,800,000, sehemu ya 1,160,000 ni ankara za mitambo na jukwaa kutoka kwa waliosajiliwa. Humo mna VAT 160,000 unayoiondoa kwenye deni lako. Gharama halisi inakuwa 1,640,000, na idadi inashuka hadi 427.

Masharti mawili. Ankara ziwe za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki hata kwenye kodi ya mapato, isipokuwa vichache vilivyosamehewa. Na usikimbilie kudai VAT ya chakula na vyumba: sheria inazuia madai ya huduma za mgahawa, malazi na burudani, isipokuwa kama kuuza huduma hizo ndiyo biashara yako ya kawaida. Mhasibu akae na mkataba wako wa mteja kabla hujatangaza bei ya tiketi.

---

ShilingiKwaShilingi

Sawa, nakubali 427. Bado ni watu 99 zaidi ya ile 328.

Niongeze mtiririko wa fedha. Unamtoza mteja ada ya usimamizi 400,000 na VAT 64,000. Akiwa ni wakala wa kukata kodi, anazuia asilimia 5 ya ada, 20,000, na asilimia 2 ya VAT juu ya thamani, 8,000. Inayoingia benki ni 436,000, na ndani yake bado kuna 56,000 ya KRA. Ya kutumia ni 380,000. Ile 20,000 iliyokatwa ina cheti na utaidai kwenye hesabu za mwaka, lakini cheti hakilipi vijana wa kubeba viti Ijumaa.

Na hoteli inataka pesa kabla, wakati mteja mkubwa au ofisi ya umma hulipa siku 60 au 90 baada. Katikati ya hapo ni wewe unayemkopesha mteja. Omba asilimia 50 mkataba ukisainiwa, 40 wiki mbili kabla, 10 baada ya ripoti. Hakikisha kila tarehe ya kulipa saplaya inakuja baada ya tarehe ya kupokea kutoka kwa mteja. Mteja akikataa kabisa, bei ipande kwa gharama ya mkopo, na umwonyeshe mstari huo waziwazi.

---

WayaMrefu

Mimi ni wa umeme na sauti. Watu hupanga bajeti ya skrini halafu wanaazima jenereta kwa kubahatisha.

Chukua skrini ya LED mita 6 kwa 3. Hiyo ni mita 18 za mraba, na ikiwaka nyeupe yote weka kama wati 600 kwa kila mita, karibu kilowati 11. Sauti 5, taa 6, kompyuta na matangazo ya mtandaoni 2. Jumla 24. Safi. Kisha saa 3:30 mpishi anachomeka mitungi minne ya kuchemshia chai, kila mmoja kilowati 3, kwenye soketi ya karibu. Sasa ni 36 na hakuna aliyekuambia. Gawanya kwa 0.8 unapata kVA 45, kipimo kinachoandikwa kwenye jenereta. Jenereta isiendeshwe zaidi ya asilimia 70 kwa muda mrefu, hivyo unaangukia kVA 64. Leta 80.

Hata hiyo 80 itazima kama fundi amebandika kila kitu kwenye fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu za umeme, kwa sababu kila fezi inabeba theluthi tu, karibu kilowati 21. Skrini fezi yake, sauti na kompyuta fezi ya pili, chai na taa ya tatu. Mpishi apewe soketi yake yenye karatasi imebandikwa.

Umeme wa Kenya Power ukikatika, jenereta ya hoteli hushika baada ya sekunde 10 hadi 15. Taa zinarudi, lakini mikisa ya sauti, kompyuta ya slaidi, kidhibiti cha skrini na ruta zinaanza upya, na hapo unangoja dakika tatu nne mbele ya balozi. UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme) ya VA 1,000 au 2,000 kwenye vifaa hivyo vinne ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote kwenye bajeti yako. Spika hazihitaji UPS.

Urefu wa dari. Ili maandishi yasomeke, mtu wa safu ya mwisho asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha skrini. Ukumbi wa chini ya hoteli wenye dari ya mita 3: skrini ianze mita 1.2 kutoka sakafuni ili vichwa visizibe, juu acha nafasi kidogo, unabaki na kimo cha mita 1.5. Mara 6 ni mita 9. Aliyekaa mita 20 anaona rangi tu. Suluhisho ni skrini mbili za ziada katikati ya ukumbi. Kuongeza maandishi makubwa kwenye slaidi hakuokoi kitu kama msemaji analeta jedwali la Excel, na ataleta.

---

Karibu_Mgeni

Kaka @WayaMrefu, na intaneti? Hoteli zote husema "Wi-Fi ipo".

---

WayaMrefu

Dada, usiulize kama ipo. Uliza: kasi ya kupakia ni ngapi, laini imetengewa ukumbi au inagawanwa na vyumba, na kuna vituo vingapi vya kurushia mawimbi ndani ya ukumbi wenyewe. Wajumbe 300 wana vifaa 600. Kituo kimoja kikibeba vifaa 50 mpaka 60, unahitaji 10 hadi 12. Hoteli ikijibu "viwili, na ni vya kisasa", umejua.

Matangazo ya moja kwa moja yasiguse Wi-Fi kamwe. Waya, laini yake, na kasi ya kupakia angalau Mbps 10 ingawa picha yenyewe inakula 5 au 6. Laini ya pili itoke kampuni tofauti. Modemu ya simu kama akiba ni sawa kwenye mazoezi asubuhi, lakini ukumbi ukijaa watu wote wako kwenye mlingoti ule ule nayo inakauka.

---

Barabara_na_Kumbi

Kuhusu mahali. Mjadala wa "katikati ya jiji au Westlands" huwa wa fasheni, kumbe ni wa trafiki na mamlaka.

KICC, jumba la mikutano la Kenyatta katikati ya jiji, ilikamilika 1973, mwaka ambao Benki ya Dunia na IMF walifanya mkutano wao wa mwaka hapa Nairobi, na tangu hapo mikutano mikubwa ya serikali huangukia pale: mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2015, TICAD ya sita (mkutano wa Japani na Afrika) Agosti 2016, mkutano wa tabianchi wa Afrika tarehe 4 hadi 6 Septemba 2023. Marais wakija, barabara zinazozunguka jengo hufungwa. Kwa hiyo kabla hujaweka tukio lako popote katikati ya jiji, angalia kalenda ya Ikulu na ya wizara, si yako peke yako. Tangu Juni 2024 ongeza na hili: siku za maandamano polisi huweza kufunga njia za kuingia mjini tangu alfajiri. Tarehe 25 Juni na 7 Julai usiziguse kwa ukumbi wa katikati.

Kwa wageni wanaotua uwanja wa ndege wa JKIA, barabara ya Expressway iliyoanza kutumika 2022 inakwenda kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, hivyo hoteli ya Westlands ina mlango wake. Gigiri ni hadithi nyingine. Ukitoka mwisho wa Expressway bado una msongamano wa Limuru Road. Na Thika Road wengi huisema vibaya bila kufikiri. Wajumbe wanaolala mjini wakienda hoteli ya Thika Road asubuhi wanakwenda kinyume cha msongamano, na jioni wanarudi kinyume tena. Wajumbe wanaoishi Ruiru ndio wanaofaidi zaidi. Wanaoishi Rongai au Ngong watakuchukia. Chora ramani ya wanakolala wajumbe kabla ya kuchora ramani ya kumbi.

Msimu. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, kwa hiyo Mei na Juni kila idara ina bajeti ya kumaliza, na kumbi za Naivasha na Machakos hujaa warsha. Ukitaka Juni, funga ukumbi Januari au Februari. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba. Tenti kwenye nyasi miezi hiyo inahitaji sakafu ya mbao, na maegesho yawe ya changarawe, la sivyo utalipia trekta la kuvuta magari ya wageni wa heshima. Tenti juu ya lami haina pa kupigilia vigingi: inashikwa kwa uzito, na tangi la lita 1,000 lililojaa maji ni tani moja.

---

Karibu_Mgeni

Nimekuwa nikisoma kimya. Naomba ufafanuzi: hoteli imeniandikia "ukumbi wa 300". Meneja anasema tukitaka meza za duara ni sawa tu. Ni sawa?

---

RatibaKwanza

Dada, si sawa. 300 ya hoteli huwa ni viti vitupu vya kutazama mbele, kama mita 0.9 za mraba kwa mtu, yaani ukumbi wa mita 270 hivi. Meza za duara ambazo nusu ya upande iko wazi kutazama jukwaa zinakula karibu mita 1.9 kwa mtu. Gawanya, unapata 142. Hapo bado hujatoa jukwaa la mita 8 kwa 4, skrini na nafasi nyuma yake, meza ya mafundi, na vibanda vya ukalimani. Omba vipimo vya ukumbi kwa mita, nguzo zikiwa zimeonyeshwa. Nguzo ndizo hazisemwi.

---

Kibanda_cha_Nyuma

Afadhali ametaja vibanda. Kibanda cha wakalimani wawili kina upana mita 1.6, kina mita 1.6, kimo mita 2, na kinatakiwa kuona jukwaa na skrini moja kwa moja. Kukificha nyuma ya pazia kwa sababu "kinaharibu mapambo" ni kulipia ukalimani na kuutupa.

Lugha moja, wakalimani wawili, wakibadilishana kila dakika 20 hadi 30. Wapangaji wanaobana matumizi huajiri mmoja kwa siku nzima. Baada ya saa moja hivi ubora unaporomoka, na wajumbe wa Kifaransa wanavua vipokezi bila kulalamika. Wanarudi kwao na kusema mkutano haukuwa na maana. Hotuba zilizoandikwa ziwafikie wakalimani wiki moja kabla. Msemaji anayesoma hotuba kwa kasi hatafsiriki na binadamu. MC amwombe apunguze, na afanye hivyo mapema, si dakika ya 15.

Vipokezi vya mwanga usioonekana havipiti ukuta na husumbuliwa na jua, hivyo kwenye tenti wazi tumia vya redio. Kila kipokezi kitolewe kwa sahihi. Kikipotea, unalipa wewe.

---

RatibaKwanza

Turudi kwenye mkakati, kuna mawili yanaua mikutano ya Nairobi kuliko umeme.

La kwanza ni ufunguzi. Sala, wimbo wa taifa, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha wasemaji 7 wa dakika 5 kila mmoja kutoka cheo cha chini kupanda juu. Hakuna anayesema dakika 5. Weka 10, una dakika 70, na mgeni wa heshima hajafika. Usijenge ratiba juu ya mtu ambaye hudhibiti msafara wake. Anza saa 3 kamili na kipindi cha kazi chenye msimamizi anayeweza kusimamisha mjadala popote, na kwenye ratiba iliyochapishwa andika ufunguzi "kati ya saa 4 na saa 5". Akifika unasimama, anahutubia, picha, chai. Asipofika, kazi imekwenda. Ofisi ya itifaki yake ielezwe hivyo wiki mbili kabla. Mara nyingi wanashukuru, maana nao wanajua.

La pili ni posho na nauli. Ukilipa asubuhi ya kwanza, mchana viti vitakuwa wazi. Kusanya namba ya M-Pesa wakati wa usajili, hakikisha jina la laini linafanana na la kitambulisho, tuma kwa mkupuo jioni ya siku ya mwisho kwa waliosaini vipindi vyote. Jaribu orodha kwa watu watano siku moja kabla. Makosa ni yale yale siku zote: namba ya mke, tarakimu iliyorukwa, laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu.

Kama sababu pekee ya watu kuja ni posho, mwambie mteja hivyo kabla ya kusaini. Pengine anahitaji simu 40 na barua pepe, si kongamano. Utapoteza kazi hiyo moja.

---

Muhuri_na_Sahihi

Sheria kwa kifupi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inagusa fomu yako ya usajili: eleza kwenye fomu unachokusanya na nani atakipata. Kumpa mdhamini orodha ya wajumbe na namba zao bila kuwaambia ni kosa, hata kama mdhamini amelipa nusu ya bajeti. Liweke wazi hilo wakati wa kuuza udhamini, kwa sababu wadhamini huja wakidhani orodha ni sehemu ya bei.

Mkutano wa hadhara nje unahitaji taarifa kwa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya 14 kabla. Spika za nje zina kanuni za kelele za 2009 na kibali cha kaunti. Droni ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ukiwa Lang'ata au South C kumbuka uwanja wa ndege wa Wilson uko hapo. Wageni wa nje, tangu Januari 2024 ni idhini ya kusafiri ya mtandaoni badala ya viza, kwa nchi ambazo hazijasamehewa. Barua ya mwaliko itoke mapema, waombe angalau wiki 3 kabla. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano wabebe cheti cha chanjo, na uwakumbushe kwenye barua hiyo hiyo.

---

Karibu_Mgeni

Asanteni sana. La mwisho kwangu: meza za usajili ngapi kwa watu 300?

---

Sufuria_Kubwa

Inategemea beji. Chukulia 210 kati yao wanafika ndani ya dakika 45 kabla ya kuanza. Beji zikiwa zimechapishwa na kupangwa kwa herufi, mtu mmoja ni sekunde 45, meza moja inahudumia 60, hivyo meza 4. Ukichapisha papo hapo ni dakika 2 kwa mtu, meza moja inahudumia 22, utahitaji 10 na printa 10. Weka meza ya tano pembeni kwa wenye matatizo ya majina, mbali na foleni, na iwe na mtu mpole kuliko wote.

Panga kwa jina la kwanza, si la ukoo. Wajumbe wetu wenyewe hawaafikiani jina la ukoo ni lipi.

---

WayaMrefu

Na jina lichapwe pande zote mbili za beji. Kamba moja huzunguka, na kufikia saa 5 nusu ya ukumbi wamevaa nembo ya mdhamini badala ya majina yao.